Chaza Akifa Hubadili Ngeli

Kikombe ni kombe dogo. Tunalinywea chai neno hilo kila asubuhi bila kulitazama, kumbe ndani yake mna gamba la mnyama wa pwani. Mfupa wa bega nao una kombe lake, kwa kuwa umebinuka upande mmoja na kubonyea upande wa pili. Aya za Kurani zikiandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, zikaoshwa na mgonjwa akanywa, dawa hiyo huitwa kombe. Na mpira ukifika fainali, mshindi hukabidhiwa kombe akalibusu. Gamba, bakuli, bega na zawadi ya uwanjani vyote vimeingia katika neno moja kwa mlango mmoja tu, nao ni umbo.

Umbo ndilo lililotukwamisha, mimi na mpwa wangu, siku tulipokaa kutafuta maneno.

Naishi Ngagara, kaskazini mwa Bujumbura, mtaa ambao wazee hadi leo wanauita OCAF kwa kifupi cha ofisi ya Wabelgiji iliyojenga nyumba zake katika miaka ya 1950. Jioni ile tulikuwa barazani tunachambua ndagala walionunuliwa soko la Kotebu. Ndagala wakianikwa mchangani huja na mchanga wao, na ndani ya mchanga huo mpwa wangu aliokota kipande cha gamba kidogo kama ukucha, cheupe, chenye mng'ao wa lulu kwa ndani.

"Mjomba, huyu kwa Kiswahili tunamwitaje?"

Kabla sijajibu, mke wangu alisema, "Hilo ni gamba tu, litupe, litamvunja mtu jino."

Huyu, na hilo. Kitu kimoja, kiganja kimoja, na katika pumzi mbili kilikuwa kimeshapita ngeli mbili. Mpwa wangu anasoma jiolojia, na alikuwa na maandishi yake ya Kifaransa juu ya chaza wa mitoni wa Kretasia barani Afrika, aliyotaka tuyaweke katika Kiswahili. Nilidhani kazi hiyo ni ya jioni moja. Ikachukua wiki kadhaa, na muda mwingi ulikwenda kwenye lile swali la barazani.

Ngeli ni neno la wanasarufi, na wanabiolojia wameliazima. Vitabu vya sayansi vya Kiswahili hupanga viumbe kwa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Kwa hiyo chaza ana ngeli mbili kwa wakati mmoja: kwa mwanasayansi yumo katika Bivalvia, kwa mwanasarufi yumo katika A-WA. Ngeli ya mwanasayansi haibadiliki hata miaka milioni mia moja ikipita. Ya mwanasarufi hubadilika siku ile ile anapokufa. Chaza huyu akifa, nyama yake huoza au kuliwa, na kinachobaki ni gamba hili. Gamba likifunikwa na tope, tope likawa jiwe, tunachokuja kukichimbua ni kisukuku hiki. A-WA, LI-YA, KI-VI. Samaki hashuki hivyo. Amekufa, amekaangwa, yuko sahanini, na bado tunasema samaki huyu. Hata maiti tunaweza kusema maiti huyu. Chaza huanguka upesi zaidi kwa sababu hatukuwahi kumwona vizuri alipokuwa hai. Tulichokijua sikuzote ni nyumba yake.

Mtaalamu wa visukuku huenda njia hiyo kinyumenyume. Huokota kitu cha KI-VI, akakitazama, akakilinganisha, kisha akakipa jina la mnyama. Jina hilo la Kilatini halimhusu yule aliyegeuka jiwe peke yake. Linawahusu wote wa aina yake, waliofungua na kufunga magamba yao katika mto ambao leo haupo. Kumpa kisukuku jina ni kumrudisha katika A-WA. Naiona kuwa kazi ya heshima, na ndiyo maana sikutaka tuifanye kwa maneno ya kubahatisha.

Tulianza na maji. Kiswahili cha vitabuni husema "viumbe wa maji baridi" pale ambapo Kifaransa cha mpwa wangu kilisema maji matamu. Maji baridi ni usemi mzuri kwa mtu wa pwani aliyetoka kuoga baharini akachota kisimani. Ziwa letu linaukataa. Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na hata huko chini kabisa, kwenye giza lisilo na hewa, joto lake ni nyuzi 23 na ushei. Juu ni moto zaidi. Kumwita mnyama wa ziwa hili wa maji baridi ni kusema jambo ambalo kila mtoto aliyeoga hapa Bujumbura anajua si kweli. Maji matamu hayadai joto wala ubaridi, yanasema tu kwamba hakuna chumvi. Tuliandika maji matamu, na sitarudi nyuma katika hilo.

Mnyama mwenyewe alikuwa mgumu zaidi. Chaza, kombe, kome: mtu wa pwani ana utajiri wa maneno, lakini kila neno limefungwa kwa mnyama wa chumvi na kwa kijiji chake. Kome nimelisikia likitumika kwa konokono mkubwa wa baharini aliyejisokota, na nimelisikia pia kwa mnyama wa magamba mawili. Kombe ni gamba zaidi kuliko nafsi. Chaza ni yule anayeng'ang'ania mwamba au mzizi wa mkandaa. Hali hii hatuishangai, sisi wa ziwani, kwa kuwa samaki wetu wenyewe hawana jina moja. Ndagala wetu ni dagaa wa Kigoma, na vitabuni ni Stolothrissa tanganicae. Mukeke wetu upande wa pili ni mgebuka. Maji ni yale yale na wavu ni ule ule, lakini ukivuka mpaka jina linabadilika.

Kilichotuamulia ni mnyama mmoja anayeitwa Etheria elliptica, aliyepewa jina hilo na Lamarck mwaka 1807. Anaishi katika mito na maziwa mengi ya Afrika, na Tanganyika yumo. Hujigandisha kwenye mwamba, gamba lake hupinda kufuata jiwe alilolalia, na ukimwona utaapa kwamba ni chaza wa baharini aliyepotea njia. Siye. Ukoo wake ni ule wa chaza wa mitoni wanaotembea matopeni kwa mguu wao mmoja, oda ya Unionida, na chaza wa baharini si ndugu yao wa karibu. Basi katika maji matamu anayefanana na chaza na wasiofanana naye ni watu wa nyumba moja. Tulikubaliana: chaza wa maji matamu, wote, kwa oda nzima. Neno la kwanza linachukua sura tunayoijua, na maneno matatu yanayofuata yanamtoa baharini.

Jina la kipindi nalo lilitugombanisha. Mwaka 1822 mwanajiolojia wa Ubelgiji, Omalius d'Halloy, aliziita tabaka za chaki alizozichora kwenye ramani ya Ufaransa na majirani zake "Terrain Crétacé", kutoka neno la Kilatini creta, yaani chaki. Wajerumani hawakuona haja ya Kilatini: kwao kipindi hicho kinaitwa kwa neno lile lile la chaki ya ubaoni. Mpwa wangu alitaka tufanye hivyo, tuseme Zama za Chaki, ili mtoto wa shule aelewe papo hapo. Nilivutiwa sana. Kisha nikamuuliza mawe ya umri huo yaliyo karibu nasi yana rangi gani.

Mekundu. Hapa Ngagara hayapo. Tumejengwa juu ya uwanda wa Rusizi, juu ya mchanga na tope la jana tu kwa hesabu ya dunia, na vilima vya Burundi nyuma yetu vingi ni vya miamba ya kale kabla chaza yeyote hajakuwapo. Mawe ya Kretasia, ya kati ya miaka milioni 145 na milioni 66 iliyopita, utayakuta magharibi katika bonde la Kongo, au kusini-mashariki katika bonde la Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye tabaka za Galula. Huko mito iliweka mchanga mwekundu. Kumwambia mtoto wa Songwe kwamba jabali lile jekundu ni la Zama za Chaki ni kumpa jina la jiwe la mtu mwingine. Tuliandika Kretasia, tukaeleza chaki mara moja, tukaendelea.

Na hilo jabali jekundu limeshaingia katika elimu kwa Kiswahili. Mwaka 2014 mamba wa kale wa tabaka za Galula alipewa jina Rukwasuchus yajabalijekundu. Soma sehemu ya pili polepole: ya jabali jekundu. Mwaka 2010 mamba mwingine wa huko, mwenye meno kama ya mamalia, aliitwa Pakasuchus kapilimai, na paka wake ni paka huyu huyu wa jikoni. Mwaka 2017 akaja Shingopana songwensis, dinosaria mwenye shingo pana. Mwaka 2019 Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa mto Mtuka, ambaye pingili za mkia wake zina umbo la moyo. Nikiyasoma majina haya kwa sauti, moyo wangu hufurahi kwa namna ambayo jina la Kilatini tupu haliwezi kunipa.

Lakini nina neno moja la sarufi. Mamba ni wa A-WA, kwa hiyo angestahili kuwa wa jabali jekundu. Aliyeandika "ya" alikuwa na mifupa mbele yake, fuvu na pingili, na mifupa ni ya. Jekundu linakubaliana na jabali bila kosa. A-unganifu peke yake ndiyo iliyobaki upande wa vitu. Mnyamawamtuka, kinyume chake, ana "wa" mbili, ya mnyama na ya moyo, na zote ziko mahali pake. Jina likishachapishwa kwa taratibu za kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama, tahajia yake ya kwanza hulindwa, na sipendi libadilishwe. Nalitaja kwa sababu herufi mbili hizo zinaonyesha wazi mahali ambapo mfu husimama: nusu kitu, nusu kiumbe, akisubiri mtu amwamulie.

Chaza wa mitoni hawajabahatika hivyo. Wa karibu nasi ninayemjua ni jenasi Kidodia, ambayo L. R. Cox aliitoa mwaka 1936 kwa magamba ya tabaka za Karoo za nchi iliyoitwa Tanganyika, ya kale kuliko Kretasia. Jina linatokana na Kidodi, mahali, si na neno la Kiswahili. Chaza ni mdogo na hana meno ya kutisha, wala hana mifupa ya kujengwa ukumbini.

Kwa muda mrefu hata jina lake mwenyewe hakuwa nalo. Mwaka 1788 lilitolewa jina la jenasi Unio, na Unio kwa Kilatini ni lulu kubwa, ile iliyo peke yake isiyo na mwenzake. Neno zuri kuliko yote, nalo likageuzwa gunia. Katika karne ya 19, magamba mengi ya mtoni yenye pande mbili, ya Ulaya, ya Marekani, ya Afrika, hai au jiwe, yalitupwa ndani ya Unio. Wachimbaji wa mawe ya Kretasia walipokuta chaza wa mto waliandika Unio, wakaongeza jina la mahali au la rafiki, wakaenda zao. Iliyokuwa lulu ya pekee ikawa jina la wengi. Kazi ya waliofuata imekuwa kulifungua gunia hilo na kuuliza kila mmoja: wewe ni wa nani?

Ziwa letu liliingia katika gunia hilo mapema. Wasafiri Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na mwaka huo huo wakapanda kaskazini hadi Uvira, ng'ambo ya hapa tulipo. Magamba yaliyopelekwa London yalimfikia S. P. Woodward, naye mwaka 1859 akayapa majina. Chaza mmoja akawa Unio burtoni, mwingine Iridina spekii. Watu wawili waliorudi kwao wakiwa maadui wamelala pamoja hadi leo katika tope la Tanganyika. Sidi Mubarak Bombay, aliyesafiri nao na bila yeye wasingefika mbali, humkuti katika majina hayo.

Kisha akaja Bourguignat wa Ufaransa. Ziwa hakulikanyaga, aliletewa magamba na Mapadri Weupe na wasafiri. Kila mkunjo, kila tofauti ya upana, kwake ilikuwa spishi mpya. Ukisoma majina yake unasoma orodha ya wageni wa karamu: Moncetia kwa padri Moncet, Lavigeria kwa Kardinali Lavigerie, Brazzaea kwa de Brazza, Grandidieria kwa Grandidier, msafiri wa Madagaska. Chini ya Grandidieria aliweka spishi nyingi. Leo wataalamu wanaona humo spishi moja tu, naye ni yule yule wa Woodward, anayeandikwa sasa Grandidieria burtoni (Woodward, 1859). Tazama mabano hayo. Hayakuwekwa kwa urembo. Jina la mtunzi likiwa ndani ya mabano, maana yake spishi imehama: ilizaliwa katika jenasi nyingine, hapa ikiwa Unio, ikapelekwa kwa jamaa zake wa kweli. Sijui alama ndogo nyingine ya uandishi inayobeba safari ndefu kiasi hicho.

Umbo lilimdanganya Bourguignat, na likamdanganya mwingine kwa upande wa pili. J. E. S. Moore, katika kitabu chake The Tanganyika Problem cha mwaka 1903, alitazama konokono wa ziwa hili akaona wanafanana na visukuku vya bahari ya Jurasi, akahitimisha kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari hiyo. Leo umri wa ziwa hukadiriwa kuwa miaka milioni 9 hadi 12. Kretasia ilikuwa imekwisha zaidi ya miaka milioni 50 kabla tone la kwanza halijakusanyika hapa, sembuse Jurasi. Konokono wale walijengwa na ziwa lenyewe, wakafika kwenye sura ile ile ya wengine kwa njia yao. Watu hao wawili walikuwa na bidii kubwa na macho makali. Walichokosa ni kutilia shaka sura.

Ndiyo sababu nilisema umbo lilitukwamisha, na hapa lugha yenyewe ilitutegea mtego. Katika maandishi ya mpwa wangu kulikuwa na neno umbo, tena na tena: mapambo ya umbo, nafasi ya umbo. Nilisoma ukurasa mzima nikidhani ameanza kuandika Kiswahili kabla yangu. Kumbe ni Kilatini. Umbo ni kile kitovu cha chuma kilichochomoza katikati ya ngao ya askari wa Kirumi, na wataalamu wa magamba wameliazima kwa sehemu iliyotuna juu karibu na bawaba, pale gamba lilipoanzia mnyama alipokuwa mchanga. Tukiliacha kama lilivyo, kila msomaji wa Kiswahili atasoma sura nzima pale palipokusudiwa ncha moja. Tuliliita kitovu cha gamba. Ni kitovu kwa ngao ya Mrumi, na ni kitovu kwa mtoto, kwa kuwa ndipo alipoanzia kukua.

Kitovu kina siri. Juu yake mara nyingi mna michoro midogo, mistari ya kupindapinda, iliyochorwa mnyama akiwa mdogo kabisa. Jenasi moja ya Afrika, Coelatura, imepata jina lake kutokana na neno la Kilatini la kuchora kwa patasi. Gamba zima linaweza kupinda kwa sababu ya mkondo, tope au jiwe; michoro ya utotoni husema zaidi juu ya ukoo. Kwa mwenye kupanga visukuku vya Kretasia hiyo ni shahada ya kuzaliwa, kama haijasagika.

Ushahidi wa pili ni bawaba. Bivalvia ni wenye valva mbili, na valva kwa Kilatini ni ubao wa mlango wa kukunja. Aliyetoa jina hilo angeelewana na fundi wa Lamu au wa Unguja, ambaye mlango wake wa kale una mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa. Tofauti ni kwamba chaza hana mfaa, anafungwa kwa misuli, na bawaba yake ina meno: meno ya gamba moja huingia katika mashimo ya jingine ili mlango usiteleze. Wataalamu husema meno ya bawaba, na Kiswahili kinayapokea bila kubadilisha kitu. Pleiodon, jenasi alimopelekwa yule chaza wa Speke, maana yake ni mwenye meno mengi, na ukimfungua utayaona yamepangwa kama ya kitana. Jina hilo limetazama mahali panapostahili.

Shida ni kwamba bawaba iko ndani. Chaza aliyekufa magamba yakiwa yamefumba hugeuka jiwe akiwa amefumba, na siri yake imo tumboni. Mara nyingi gamba lenyewe huyeyuka, ikabaki kiini cha jiwe kilichojaza nafasi ya ndani, au chapa ya nje kwenye udongo ulioganda. Aliye hai tunaweza kumpima chembe za urithi, kuchunguza nyama yake, kumtazama mtoto wake. Wa Kretasia hana hata kimoja cha hivyo. Mwaka 2015 Van Damme, Bogan na Dierick walichapisha mapitio ya chaza wote wa maji matamu wa zama za dinosaria barani Afrika, wakilifungua gunia jina kwa jina. Mmoja wao ni mtaalamu wa eksirei, na eksirei humwezesha mtu kuisoma bawaba bila kulivunja jiwe.

Nimemtaja mtoto wa chaza, na hapa nitachepuka kidogo, maana kisa hiki nakipenda. Watoto wa chaza wengi wa mitoni hujishikiza kwenye mapezi na mashavu ya samaki, wakabebwa, kisha wakaachia wakakua matopeni. Mwaka 1797 Rathke aliwakuta ndani ya mashavu ya chaza mama, wanakolelewa kabla ya kutoka. Akadhani ni wadudu wanaomshambulia, akawapa jina lao: Glochidium parasiticum, kupe mwenye ncha ya mshale. Watoto waliandikishwa kama adui wa mama yao. Kosa lilipojulikana jina halikutupwa. Glokidia ndilo neno la watoto hao hadi leo. Kwa baadhi ya chaza wa Afrika mambo ni tofauti tena. Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja, alieleza mwaka 1961 jinsi mtoto wa Mutela bourguignati wa Ziwa Viktoria anavyoota mirija ndani ya ngozi ya samaki na kunyonya kama mmea unavyonyonya udongo. Na huyo bourguignati ni yule yule Bourguignat wa spishi nyingi.

Jamaa wa karibu wa chaza wa mitoni, cha ajabu, ni wa baharini, ingawa si wale chaza wa mwambani, nao ni Trigonia, wenye pembe tatu na meno ya bawaba yaliyochongwa mifereji. Walijaa katika bahari za Jurasi na Kretasia. Wa jenasi moja, Neotrigonia, wangalipo Australia hadi leo. Mlima Tendaguru huko Lindi, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kati ya 1909 na 1913, umepangwa kwa majina yao. Tabaka moja la Jurasi liliitwa kwa Trigonia smeei, jina lililotolewa kwanza kwa gamba la Kutch, India. Mwaka 1961 Aitken aliona chaza wa Lindi ni spishi yake mwenyewe, na leo tabaka hilo linaitwa Indotrigonia africana, Bara Hindi na Afrika katika jina moja, kama jahazi la msimu. La juu kabisa, la Kretasia, ni la Rutitrigonia. Chaza akibadilishwa jina, tabaka la mlima nalo hubadilika jina. Na katika Tendaguru hiyo hiyo yupo dinosaria Australodocus bohetii, aliyepewa jina mwaka 2007 kwa heshima ya Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji. Heshima ambayo Bombay hakuipata ziwani, Boheti ameipata, baada ya karibu miaka mia moja.

Orodha yetu ilikwisha kwenye karatasi mbili. Gamba kwa kila upande, bawaba, meno ya bawaba, kitovu, mistari ya ukuaji, kiini cha jiwe, chapa. Sadafu kwa ule mng'ao wa ndani. Chaza wa maji matamu kwa oda nzima, daima katika A-WA, hata akiwa jiwe: chaza huyu wa Kretasia, chaza hawa wa Galula. Kisukuku tumekiachia KI-VI pale tunapozungumzia jiwe lenyewe, uzito wake, rangi yake. Mpwa wangu aliuliza kama msomaji ataona tofauti. Ataiona, kwa sababu Kiswahili kitamlazimisha kuitamka katika kila kitenzi.

Lile gamba la barazani halikutupwa. Liko katika kisanduku cha viberiti, na mpwa wangu ameweka kikaratasi ndani: Ngagara, katika ndagala wa Kotebu, tarehe. Jina ameliacha wazi, kwa kuwa kipande kile kimevunjika bawaba.

Wewe unayesoma haya ukiwa Rumonge, Uvira, Kigoma, Kalemi, au Kasanga, huenda kwenu mnyama huyu wa magamba mawili ana jina ambalo halijaingia kamusini. Muulize mvuvi, muulize mama anayeanika dagaa. Ukilipata liandike, na kando yake andika ulilisikia wapi na kwa nani, maana jina lisilo na mahali pake ni kama gamba lisilo na bawaba: litatupwa ndani ya gunia.